Mtawala wa kijiji kimoja: ngome ya Hornberg na mabwana waliokuwa chini ya Kaizari peke yake

Msomaji anayesomea uuguzi mjini Heilbronn, kusini mwa Ujerumani, ameniandikia hivi: "Jumapili iliyopita nilipanda na wenzangu hadi ngome ya Hornberg, juu ya mto Neckar. Mwenyeji wetu alisema wenye ngome ile hawakuwa chini ya mtemi yeyote, walikuwa chini ya Kaizari moja kwa moja, na kijijini kwao walikuwa watawala. Lakini Neckarzimmern, kijiji kilicho pale chini, unakimaliza kwa miguu kabla chai haijapoa. Mtu mwenye kijiji kama kile anakuwaje mtawala? Mbona wakubwa waliomzunguka hawakummeza? Na inakuwaje ngome bado ni ya ukoo mmoja mpaka leo?"

Ndugu yangu, nimefurahi umeuliza, maana wengi hupanda pale, hupiga picha ya mto, wakashuka bila kujua kuwa walisimama mahali palipokuwa nchi. Ndogo, lakini nchi. Bwana wa Hornberg alitawala kwa nguvu ya karatasi. Haki zake ziliandikwa, aliyezilinda alikuwa Kaizari, na Kaizari alikuwa na faida yake katika kumlinda. Siku kiti cha Kaizari kilipoyumba, nchi ile ikaanguka ndani ya miaka mitatu.

Tuanze na jinsi mambo yalivyokuwa. Mpaka mwaka 1806 hapakuwa na nchi moja iitwayo Ujerumani. Palikuwa na Dola Takatifu la Kiroma, na ndani yake wenye mamlaka kwa mamia: watemi wateuzi, ambao ndio waliomchagua Kaizari, watemi wa kawaida, maaskofu waliotawala ardhi na watu kama mfalme anavyotawala, na miji huru, ukiwemo huo wa Heilbronn unakoishi. Wadogo kuliko wote hao, na bado wasio raia wa yeyote kati yao, walikuwa manaiti wa Dola. Kwa Kijerumani naiti ni Ritter, na asili ya neno ni mpanda farasi. Wengi wa mababu zao walianza kama watumishi wa vita wa makaizari, wengine hata si watu huru. Ukoo wa Hohenstaufen, uliowatumia watumishi hao sana kule Swabia, kusini magharibi, ulikatika mwaka 1268. Nafasi ya mtemi mmoja mkuu wa eneo lile ikabaki wazi, na wale watumishi wa jana wakakaa kwenye ngome walizokuwa wakizilinda.

Hapa naomba usichanganye kila "von" na watu hawa. Sisi wa Afrika Mashariki tunalijua neno hilo kutokana na majina ya magavana wa Kijerumani: von Soden, von Wissmann, von Götzen. Wissmann alizaliwa bila "von", akatunukiwa mwaka 1890. Na mamwinyi wengi wa kaskazini na mashariki mwa Ujerumani, hata wenye mashamba usiyoyaona mwisho, walikuwa raia wa mfalme wa Prussia. Naiti wa Dola ni mtu wa kusini na magharibi: Swabia, Franconia, na kandokando ya mto Rhine.

Sasa hilo neno "mtawala". Utawala wa siku zile haukuwa mstari uliochorwa kwenye ramani ukisema huku kwangu, kule kwako. Ulikuwa kama mzigo wa kuni, kila kuni haki moja, na kuni za mzigo mmoja ziliweza kugawanywa kwa watu kadhaa. Kijiji kimoja kiliweza kuwa na bwana wa kuamua kesi ndogo, mwingine wa kuhukumu wauaji, wa tatu wa kuchukua zaka ya mvinyo, na wa nne mwenye ruhusa ya kuwinda msituni. Naiti wa Dola alikuwa amekusanya kuni za kutosha: baraza la kijiji lilikuwa lake, kodi ilikuja kwake, wanakijiji walimwapia yeye utii, na mchungaji wa kanisa mara nyingi aliteuliwa naye. Juu ya hayo, yeye mwenyewe hakushtakiwa mbele ya mtemi jirani. Kesi yake ilikwenda kwenye mahakama za Dola. Hiyo kuni ya mwisho ndiyo iliyomfanya mtawala.

Hornberg ni mfano mzuri kwa sababu unaona mambo haya yakibadilika mbele ya macho yako, toka upanga hadi kalamu. Ngome imetajwa katika maandishi tangu mwaka 1184. Iko juu ya mteremko mkali wa mizabibu, na ukisimama ukutani unatazama mto ambao kila mashua ya mizigo ililazimika kupita. Majirani wake walikuwa wakubwa kweli: Mtemi Mteuzi wa Pfalz, aliyekuwa na mji wa Mosbach umbali wa matembezi tu, watawa wapiganaji wa Shirika la Kitetoni katika ngome ya Horneck, kilomita chache kufuata mto, na Württemberg kusini. Yenyewe ilishapita mikononi mwa maaskofu wa Speyer. Mwaka 1517 ikanunuliwa kwa gulden 6,500, sarafu za dhahabu za siku zile, na mtu ambaye mwenyeji wako bila shaka alimtaja, Götz von Berlichingen, yule mwenye mkono wa chuma.

Götz alizaliwa karibu mwaka 1480. Mwaka 1504, katika vita vya urithi wa Bavaria mbele ya mji wa Landshut, kombora la mzinga liligonga mpini wa upanga wake, chuma kikamwingia mkononi, na mkono wa kulia ukabaki kuning'inia kwa ngozi. Anasimulia mwenyewe, katika kumbukumbu alizoziacha uzeeni, kwamba akiwa kitandani alimkumbuka mpiganaji mmoja wa zamani aitwaye Kochle, aliyekuwa na mkono mmoja na bado akamudu vita kama wenzake. Akamwomba Mungu na yeye amjalie hivyo. Mkono wa chuma aliotengenezewa upo mpaka leo katika jumba la ukoo wake huko Jagsthausen. Nenda ukautazame, maana wewe ni mtu wa hospitali na utauelewa kuliko mimi. Vidole vinakunjika kwenye viungo vyake. Unavisukuma kwa mkono mzima, vinajifunga kwa meno ya chuma yaliyo ndani, na ukibonyeza kitufe, springi inavifungua. Mtu alishika hatamu kwa kifaa hicho.

Fedha za kununulia ngome zilitoka wapi? Kwa sehemu kubwa kwenye uhasama wa kutangaziana, ambao Wajerumani waliuita Fehde. Mtu aliyeona amedhulumiwa alimpelekea mwenzake barua ya kutangaza uadui, kisha akawa na haki, kwa mila za zamani, ya kuchoma ghala zake, kuteka watu wake na kudai fidia. Tatizo ni kwamba Kaizari Maximilian I alikuwa ameshapiga marufuku jambo hilo mwaka 1495 kule Worms, akaunda Mahakama Kuu ya Dola ili watu wapeleke kesi badala ya moto. Götz aliishi kana kwamba sheria hiyo inawahusu wengine. Mwaka 1512 alivamia wafanyabiashara wa Nuremberg waliokuwa wakirudi kutoka maonyesho ya Leipzig, akawekwa nje ya ulinzi wa Dola. Mwaka 1516, katika ugomvi na Askofu Mkuu wa Mainz, alimteka mtawala wa Waldeck na kumwachia kwa zaidi ya gulden 8,000. Mwaka uliofuata akanunua Hornberg. Hesabu hizo mbili ziweke pamoja mwenyewe.

Kisha ikaja vita vya wakulima, 1525. Wakulima wa Odenwald na bonde la Neckar walimfanya kamanda wao. Yeye alidai maisha yake yote kwamba alilazimishwa. Alikaa nao wiki chache, akaondoka kabla hawajachinjwa. Mwaka 1528 alishikwa Augsburg, akafungwa miaka miwili. Alipotoka aliapa kiapo ambacho mimi nakiona ndicho kipimo bora cha udogo wa nchi yake: asitoke nje ya mipaka ya Hornberg, asipande farasi, asilale hata usiku mmoja nje ya ngome. Miaka kama kumi aliishi hivyo. Mpanda farasi asiye na farasi, anayezunguka mizabibu yake kwa miguu, kwenye eneo ambalo wewe ulilimaliza Jumapili moja. Mwanzoni mwa miaka ya 1540 Kaizari Charles V alimfungulia, naye mzee wa miaka sitini akaenda vitani dhidi ya Waturuki 1542 na dhidi ya Wafaransa 1544. Alifia Hornberg tarehe 23 Julai 1562, kitandani.

Katika zama hizo hizo za Götz, wenzake walikuwa wakijifunza njia nyingine ya kuishi. Manaiti walikuwa wamekataa kulipa kodi ya Dola ya mwaka 1495. Walisema wao humtumikia Kaizari kwa damu, fedha watoe wengine. Mmoja wao, Franz von Sickingen, alijaribu kurudisha heshima ya upanga kwa kumshambulia Askofu Mkuu wa Trier mwaka 1522. Watemi watatu wakamzingira katika ngome yake ya Landstuhl, mizinga ikabomoa kuta, naye akafa kwa majeraha tarehe 7 Mei 1523. Mizinga ilikuwa imemaliza mjadala. Ukuta wa naiti haukuweza tena kumlinda dhidi ya hazina ya mtemi.

Kilichowaokoa ni kodi ya vita vya Waturuki, 1542. Kaizari alihitaji fedha haraka, na swali likawa nani azikusanye kwa manaiti. Kama watemi wangezikusanya, baada ya muda manaiti wangehesabika raia wao. Basi manaiti wakajipanga wazikusanye wenyewe na kumpelekea Kaizari mkononi, tena kwa jina la hisani: msaada wa hiari, siyo kodi. Kutokana na ukusanyaji huo zikazaliwa kantoni, kila moja ikiwa na kiongozi wa kuchaguliwa, karani, sanduku la fedha na daftari la mali za wanachama. Hatimaye kantoni hizo ziligawanyika katika kanda tatu, Swabia, Franconia na Rhine. Hornberg ilikuwa katika kantoni ya Odenwald, ya kanda ya Franconia.

Usilidharau lile daftari. Mali ikishaandikwa humo, ilibaki mali ya kinaiti. Mwanachama akiiuza kwa mtemi, kantoni ilikuwa na haki ya kuirudisha kwa kulipa bei ile ile ndani ya muda uliowekwa. Akivamiwa, kantoni ilifungua kesi Vienna, kwenye Baraza la Kaizari, ikalipa mawakili kwa sanduku la pamoja. Mtu mwenye kijiji kimoja hawezi kushtakiana na Württemberg; vijiji mia kadhaa vikichanga, vinaweza. Kesi hizo zilidumu vizazi, na kudumu kwenyewe kulikuwa ushindi kwa mdogo, maana wakati faili liko mezani mkubwa hawezi kumeza.

Kaizari naye alipata nini? Fedha zisizopitia kwenye Bunge la Dola, ambako manaiti hawakuwa na kiti na watemi walibishana kila senti. Maofisa wa jeshi. Na kitu ambacho watu hukisahau: maaskofu. Viti vya mabaraza ya makanisa makuu ya Mainz, Würzburg na Bamberg vilishikwa hasa na wana wa manaiti, na mabaraza hayo ndiyo yaliyomchagua askofu mtawala. Ndiyo maana Johann Philipp von Schönborn, mtoto wa familia ya kinaiti, aliweza kuwa Mtemi Mteuzi wa Mainz kuanzia 1647 hadi 1673, mmoja wa wakubwa wa Dola zima. Ukoo wenye vijiji viwili ulikuwa mlango mmoja tu kutoka kwenye kiti cha enzi, ilimradi mtoto awe mtu wa kanisa.

Hornberg ilitoka mikononi mwa wazao wa Götz, na mwaka 1612 ikanunuliwa na Reinhard von Gemmingen. Huyu ni kinyume cha Götz kwa kila hali. Walimwita Msomi, kazi aliyoipenda ilikuwa kuchambua nyaraka na kuandika historia ya ukoo wake. Mimi namwona ndiye naiti halisi wa zama mpya, mtu anayejua kwamba hati ya mwaka fulani, ikiwa na muhuri mzima, ina thamani kuliko askari hamsini. Bahati yake ilikuwa mbaya kwa wakati. Vita vya Miaka Thelathini vilifika mlangoni: tarehe 6 Mei 1622 majeshi yalipambana Wimpfen, kilomita chache kufuata mto, na bonde lote likaporwa. Majeshi mengine yakapita baadaye, ya Kifaransa pia. Katika karne ya 18 ngome ikaacha kukaliwa na kugeuka magofu unayoyaona. Utawala haukuhitaji tena kilima. Ulihitaji ofisi na kabati la nyaraka.

Na wanakijiji je? Hawakuuliza mambo ya Kaizari kila siku. Kwao bwana alikuwa yule anayechukua sehemu ya nafaka na ya mvinyo, anayewaita kwenye kazi za shokoa, yaani za lazima, wakati wa mavuno yao wenyewe, na, kwa wale waliozaliwa wakiwa wamefungwa kwake, anayedai mnyama bora zizini baba anapofariki. Hata kuku wa kabla ya Kwaresima alikuwa ameandikwa kwenye daftari la bwana. Udogo wa nchi ulikuwa na ubaya wake: mtemi yuko mbali na ana vijiji mia tatu, bali naiti anakuona toka dirishani na anajua una kuku wangapi.

Udogo huo huo ulifungua mlango kwa watu waliofukuzwa kwingine. Württemberg ilifunga nchi yake kwa Wayahudi mwishoni mwa karne ya 15, na miji mingi ilifanya vivyo hivyo. Manaiti walihitaji fedha na wafanyabiashara, wakawapokea, wakawapa barua za ulinzi kwa malipo ya kila mwaka. Mwaka 1777 mabwana wa Liebenstein, wenye kijiji cha Jebenhausen karibu na Göppingen, waliwapa Wayahudi barua ya namna hiyo. Pakakua jumuiya yenye sinagogi na makaburi yake. Mmoja wa waliozaliwa humo, mwaka 1816, alikuwa Julius, babu mzaa mama wa Albert Einstein. Sisemi manaiti walikuwa wema. Walilipwa, na barua iliweza kufutwa. Nasema tu kwamba nyufa za Dola lile zilikuwa nyingi, na watu waliishi ndani ya nyufa hizo.

Mwishoni mwa karne ya 18 walikuwa wamebaki kama familia 350, zenye milki kama 1,500 na watu kati ya 350,000 na 450,000. Kisha akaja Napoleon. Ufaransa ilipochukua ukingo wa magharibi wa Rhine, watemi waliopoteza ardhi huko walifidiwa mwaka 1803 kwa ardhi za maaskofu. Viti vile vya makanisa makuu vikafa kwa siku moja, na manaiti wakapoteza mlango wao wa juu. Toka vuli ya mwaka huo watemi wakaanza kutuma askari vijijini kubandika nembo zao.

Karl vom Stein, aliyekuwa na vijiji viwili karibu na mto Lahn, Frücht na Schweighausen, na ambaye wakati huo alikuwa ofisa mkubwa wa Prussia, alivamiwa na mtawala wa Nassau. Mnamo Januari 1804 akamwandikia barua ya wazi. Alimweleza kwamba Ujerumani haitapata usalama kwa kuongeza vijiji vichache vya kinaiti juu ya vinchi vidogo visivyoweza kujilinda. Kwamba hivyo vinchi vyenyewe ndivyo vingepaswa kuungana na madola makubwa. Hasira ile hakuiacha. Miaka mitatu baadaye akiwa waziri, ndiye aliyesimamia amri ya Oktoba 1807 iliyokomesha utumwa wa wakulima Prussia. Alikufa 1831, akazikwa Frücht, kijijini kwake.

Vienna iliamuru uvamizi usimame, na kwa muda ukasimama. Lakini Austria, nchi ya Kaizari mwenyewe, ilipopigwa na Napoleon huko Austerlitz mwezi Desemba 1805, amri ya Kaizari haikuwa na mtu wa kuitekeleza. Tarehe 12 Julai 1806 watemi washirika wa Napoleon waliunda Shirikisho la Rhine, na kifungu cha 25 kikampa kila mmoja wao ardhi za manaiti zilizomo ndani ya mipaka yake. Mkuu wa shirikisho hilo alikuwa Karl Theodor von Dalberg, mtoto wa familia ya kinaiti. Hilo huniuma kila ninapolisoma. Tarehe 6 Agosti Kaizari Francis II akavua taji. Neckarzimmern ikawa ya Baden, mojawapo ya nchi za shirikisho hilo.

Sasa swali lako la mwisho. Baden ilichukua utawala, haikuchukua shamba. Rudi kwenye ule mzigo wa kuni: baraza la kesi, kodi, kiapo cha utii na uandikishaji wa askari vikaenda kwa serikali, msitu, mizabibu, nyumba na mapato ya zamani vikabaki kwa ukoo. Mapato hayo nayo yakaondolewa hatua kwa hatua. Machi 1848 wakulima wa Odenwald walivamia ofisi za mabwana, wakachoma madaftari ya malipo uani. Katika vijiji kadhaa hasira hiyo iliwaangukia pia majirani zao Wayahudi. Mwezi uliofuata Baden ikafuta kwa sheria haki za kikabaila zilizobaki. Tangu hapo Gemmingen ni raia wenye mali, kama mwenye mali mwingine yeyote.

Mali hiyo ndiyo uliyoitembelea. Ukoo ulionunua mwaka 1612 bado unalima mteremko ule na kuuza mvinyo wake. Utakaporudi, usiishie mnarani. Shuka kwa njia ya mizabibuni, utazame kuta za mawe yaliyopangwa bila saruji zinazoshikilia ngazi za udongo, moja juu ya nyingine mpaka karibu na mto. Zilijengwa na kukarabatiwa na watu wa Neckarzimmern, na mpaka sasa ndizo zinazozuia kilima kisiteremkie mtoni.